Kadi Imepita, Hela Bado: Kuandika Malipo ya Kadi Kwenye Vitabu vya Duka

Mama mmoja mwenye duka la leso pale Biashara Street, Mombasa, hunipigia simu karibu kila Jumatatu asubuhi. "Mwanangu, Jumamosi tumepitisha kadi nne, mbona benki sioni kitu?" Nami humjibu lile lile: mashine ikitoa slipu ya kukubali, benki ya mteja imeahidi tu. Hela zenyewe huja baada ya siku moja au mbili za kazi, kutegemea mkataba wake na benki iliyompa mashine, tena huja zimeshamegwa kamisheni.

Kuchelewa huko na kumegwa huko ndiko kunakovuruga vitabu vya maduka mengi ninayoyashughulikia, kuanzia mjini hadi Nyali. Kwa hivyo nitaeleza ninavyofanya mimi, hatua kwa hatua. Unaweza kufuata ukiwa na programu ya uhasibu kama QuickBooks, Zoho Books, Sage au nyingine yoyote. Majina ya vitufe hutofautiana, hesabu ni ile ile. Nachukulia kwamba mashine yako iko kaunta na programu iko kwenye kompyuta, na kwamba hazijui kuzungumza. Wenzetu Marekani huweza kumtumia mteja invoisi yenye kitufe cha kulipa kwa kadi, na vitabu vikajiandika vyenyewe. Kwa maduka mengi ya huku, anayeziunganisha ni wewe na slipu zako.

Hatua ya 1: Fungua akaunti mbili

Nenda kwenye orodha ya akaunti, ufungue ya kwanza uiite "Kadi Zinazosubiri Benki". Aina yake chagua benki. Najua hakuna benki ya jina hilo, lakini ukiipa aina hiyo programu itakuruhusu kupokea malipo ndani yake, kuhamisha hela kutoka kwake, na kuilinganisha mwisho wa mwezi kama akaunti yoyote ya benki.

Ya pili iite "Kamisheni ya Kadi", na aina yake ni gharama. Usiichanganye na ada nyingine za benki, maana utataka kujua kadi zinakugharimu kiasi gani kwa mwaka siku utakapokwenda kujadiliana na benki upya.

Hapa kuna mtego. Programu nyingi zina aina ya akaunti inayoitwa kadi ya mkopo, na mtu akiona neno kadi huibonyeza mbio mbio. Hiyo ni ya kadi ya kampuni yako, ile unayonunulia mafuta ya gari halafu unadaiwa na benki. Ni deni lako wewe. Ukizitia humo hela za wateja, mizania yako itageuka kichwa chini miguu juu.

Ukiwa na mashine za benki mbili, fungua akaunti za kusubiri mbili. Ukizichanganya hutajua ni benki gani haijakulipa.

Hatua ya 2: Andika mauzo kwa bei kamili

Tuseme mteja kachukua leso na vitambaa vya pazia, jumla shilingi 34,800. Ndani yake mna bidhaa 30,000 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, yaani 4,800. Invoisi, ile ya programu na ile ya eTIMS (mfumo wa invoisi za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA), isome 34,800. Kamisheni isitajwe kabisa hapa.

Nasisitiza kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Nilipoanza kazi hii, nilikuwa nasubiri stetimenti ya benki, nikiona 33,930 imeingia baada ya kamisheni naandika mauzo 33,930. Ilionekana safi, benki na vitabu vinakubaliana hadi senti. Miezi saba baadaye tulipokaa kulinganisha ritani za VAT tunazopeleka KRA na invoisi za eTIMS, kila mauzo ya kadi yalikuwa pungufu. Kwa 33,930 programu ilihesabu VAT 4,680, kumbe mteja alitozwa 4,800. Shilingi 120 si kitu, lakini zidisha kwa kadi za miezi saba, na ukumbuke KRA wanayo ile invoisi ya 34,800. Nilikesha usiku mbili nikirekebisha ritani moja moja. Kamisheni ni gharama yako ya biashara, na VAT huhesabiwa kwa bei aliyolipa mteja.

Hatua ya 3: Pokea malipo, uyaweke kwenye akaunti ya kusubiri

Fungua ile invoisi, bonyeza pokea malipo. Tarehe ni ile kadi ilipopita mashineni. Njia ya malipo ni kadi. Pale programu inapouliza hela zinawekwa wapi, chagua "Kadi Zinazosubiri Benki". Kiasi, 34,800. Deni la mteja limekwisha, na sasa humdai yeye tena, bali unaidai benki.

Kwenye nafasi ya marejeo andika namba ya idhini iliyo kwenye slipu. Namba hiyo itakuokoa baadaye, nitakwambia wapi.

Makeshia wapya huwa nawaonya mambo mawili. La kwanza, krediti na kadi si kitu kimoja. Mauzo ya krediti ni ya kukopesha, na keshia akichagua hiyo kwa kuwa mteja ametoa "krediti kadi", invoisi itabaki imening'inia kama deni. Nimewahi kumkuta kijana akimpigia simu mteja wa Kizingo kumdai hela alizolipa wiki tatu nyuma. Mteja alihamaki, na alikuwa na haki.

La pili, usiandike namba ya kadi popote. Si kwenye programu, si kwenye kaunta buku, si kwenye WhatsApp. Slipu yenyewe huficha namba, ikaacha chache tu za mwisho, na kuna sababu. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi ndizo hatari zaidi: kanuni za usalama za kampuni za kadi zinakataza kuzihifadhi hata kwa saa moja baada ya malipo kukubaliwa. Nyumba moja ya wageni niliyoisaidia ilikuwa na daftari jekundu hapo mapokezi, majina ya wageni, namba za kadi na hizo tarakimu tatu, liko wazi kila mpita njia analiona. Tulilichana siku hiyo hiyo. Mbali na wezi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia.

Hatua ya 4: Funga mashine jioni

Mashine nyingine hujifunga zenyewe usiku, nyingine zinataka ubonyeze. Ujue yako ni ipi. Isipofungwa, mauzo ya siku hayaendi benki, na utakaa ukingoja hela ambazo hazijaanza safari. Inapofungwa hutoa slipu ndefu ya jumla. Linganisha jumla hiyo na kilichoandikwa siku hiyo kwenye akaunti ya kusubiri. Vikitofautiana, tafuta sasa hivi wakati keshia yupo na anakumbuka. Kesho atakwambia "sijui".

Halafu zipige picha hizo slipu. Karatasi ya mashine haina wino. Huandikwa kwa joto, na joto ndilo linaloifuta. Duka la leso tulikuwa tunaziweka kwenye boksi la viatu juu ya kabati, karibu na mabati. Nilipolifungua baada ya kiangazi cha Januari na Februari, nilikuta karatasi nyeupe pe, zimejikunja, zimebaki na jina la duka tu kwa mbali. Sheria ya kodi inataka uweke rekodi miaka 5. Slipu kwenye joto la Mombasa inaweza isifike hata mwaka. Piga picha, ibandike kwenye malipo ndani ya programu, kisha boksi lipeleke mahali penye kivuli.

Hatua ya 5: Hela zikiingia benki

Hapa ndipo penye kazi. Benki hailipi kadi moja moja, hulipa furushi. Tuseme Jumatatu zilipita kadi tatu: 34,800, 5,800 na 11,600. Jumla 52,200. Kamisheni tuchukue asilimia 2.5 kwa mfano tu, wewe soma mkataba wako. Hiyo ni 1,305. Jumatano stetimenti inaonyesha imeingia 50,895.

Fanya maandiko mawili:

Moja, hamisha 50,895 kutoka "Kadi Zinazosubiri Benki" kwenda akaunti yako ya benki, tarehe ya Jumatano.

Mbili, andika gharama ya 1,305. Anayelipwa ni benki yenye mashine, akaunti inayolipa ni hiyo hiyo ya kusubiri, na fungu ni "Kamisheni ya Kadi".

Akaunti ya kusubiri imeingiwa na 52,200, imetokwa na 52,200. Imebaki sufuri.

Hesabu ya kamisheni usiikisie kwa kutoa tu. Benki hutoa taarifa ya mfanyabiashara inayoonyesha kila kadi na makato yake. Omba utumiwe kwa barua pepe. Mikataba mingi ina kiwango kimoja cha kadi za humu nchini na kingine cha kadi za nje, kwa hivyo meli ya watalii ikitia nanga na duka likajaa wageni, makato ya siku hiyo yatapanda na hakuna aliyekuibia. Mtalii pia huenda akaulizwa na mashine kama anataka kukatwa kwa shilingi au kwa fedha ya kwao. Lolote achague, wewe unalipwa shilingi zilizo kwenye invoisi.

Kama umeunganisha benki na programu, au unapakia stetimenti mwenyewe, kuwa macho. Ule mstari wa 50,895 utatokea na programu, kwa uungwana wake, itakupendekezea uuongeze kama mapato. Kataa. Uoanishe na ule uhamisho ulioandika. Ukiukubali, kitabu kitasema uliuza 52,200 pamoja na 50,895, yaani 103,095, na utalipia kodi mauzo ya hewa. Mkahawa mmoja ulinijia ukilalamika kodi imewalemea. Mauzo yao ya kadi ya robo mwaka yalikuwa yameandikwa mara mbili namna hii.

Hatua ya 6: Mambo yakienda kombo

Mtandao ukikatika katikati, mashine husema imeshindwa huku simu ya mteja inalia ujumbe kwamba amekatwa. Usipitishe tena hapo hapo. Chapisha orodha ya miamala ya mashine kwanza, uone kama ina namba ya idhini. Ikiwa nayo, malipo yamepita. Ikiwa haina, mweleze mteja kwa upole kwamba kilichozuiwa kitarudishwa na benki yake, na aamue kama atalipa kwa njia nyingine.

Mteja akirudisha bidhaa, mrudishie kupitia kadi ile ile. Usimpe noti. Ukimpa noti, kesho anaweza kwenda benki yake kudai hakupata bidhaa, ukalipa mara mbili. Kwenye programu tengeneza kreditinoti (hati ya kupunguza invoisi), na kwenye eTIMS vile vile, kisha marejesho yatoke "Kadi Zinazosubiri Benki", kwa sababu benki itayakata kwenye furushi linalofuata.

Kuna na lile la mwenye kadi kupinga malipo. Hili huja miezi baadaye, umeshasahau. Benki inakata hela kwanza, maswali baadaye. Ziandike zimetoka benki kwenda kwenye akaunti ya "Malipo Yanayobishaniwa", usifute mauzo. Kisha tafuta ile namba ya idhini, picha ya slipu, invoisi, na ushahidi kwamba mteja alichukua mzigo, uvitume kabla siku walizokupa hazijaisha. Ukishinda, hela zinarudi akaunti inajifuta. Ukishindwa, ihamishie kwenye hasara.

Wenye nyumba za wageni, amana ya Desemba mnayoichukua kwa kadi mwezi wa Septemba si mapato bado. Iwekeni kwenye akaunti ya amana za wageni, upande wa madeni, hadi mgeni alale. Lakini VAT haingoji mgeni alale: Sheria ya VAT ya 2013 inasema kodi huanza pale malipo yanapopokelewa hata kama ni sehemu, ikiwa yametangulia huduma na invoisi. Kwa hivyo amana ya Septemba iko kwenye ritani ya tarehe 20 Oktoba.

Hatua ya 7: Mwisho wa mwezi

Fungua akaunti ya kusubiri uangalie baki. Kinachotakiwa kuonekana ni kadi za siku mbili za mwisho tu, basi. Ukikuta kitu cha tarehe 9 bado kimo, ama benki haijalipa, ama umesahau kuandika, ama mtu alipokea taslimu akaandika kadi. Hilo la mwisho huulizwa faraghani.

Mwezi uliopita duka la leso lilifunga Jumamosi tarehe 31 na baki ya 26,100. Nilizitoa slipu mbili za siku hiyo, 8,700 na 17,400, nikazilaza juu ya kaunta mbele ya Mama. Akazihesabu kwa kidole. Jumanne ziliingia 25,447.50, nikaandika kamisheni 652.50, akaunti ikasoma sufuri. Jumatatu alikuwa ameshanipigia simu, kama kawaida.