Namna ya Kulinda Masikio Katika Kazi ya Jua Kali

Fundi anayegonga bati la masanduku pale Kibuye, Kisumu, haamki siku moja akiwa kiziwi. Huanza kwa kurudi nyumbani jioni huku masikio yakilia, na maneno ya watu wa nyumbani hayamfikii vizuri. Asubuhi hali hiyo huwa imetoweka, naye hudhani amepona. Ndani ya sikio, hata hivyo, seli zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe kwa ubongo huwa zimechoshwa, na zikichoshwa kila siku hufa, wala hazioti nyingine.

Kelele hupimika bila mashine. Ikiwa mwenzako aliye umbali wa mkono hakusikii mpaka upaze sauti, kelele imefika takriban desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85, ambazo wataalamu wengi hushauri zisizidi saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu, hivyo grainda inayotoa desibeli 100 humaliza kiasi cha siku nzima kwa dakika 15. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinaruhusu desibeli 90 kwa saa 8, lakini mimi ningemshauri fundi ashike kiwango cha chini.

Pamba, ambayo wengi wetu huitegemea, haizuii kelele ya kutosha. Nunua vizibo vya sponji. Nawa mikono, kisokote kizibo mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kisha kitie na ukishikilie kwa nusu dakika kinapotanuka. Sauti yako ikianza kuvuma kichwani, kimekaa sawasawa. Wanagenzi wavae tangu siku ya kwanza, kwa kuwa wao ndio huachiwa grainda.

Uziwi wa kelele hauna dawa. Husaidiwa na kifaa cha kusikia. Lakini si kila uziwi ni wa kelele: nta hulainishwa na kutolewa, na usaha hutibiwa, kwa hiyo usichokoe sikio kwa kijiti wala kumimina mafuta ya moto, bali upimwe kwanza. Sikio moja likiziba ghafla bila sababu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa za kuliokoa hufaa zaidi zikianza mapema.