Kabla Hujabeba Hema Kwenda Italia

Bila hema, mimi na binamu yangu tusingemudu wiki tatu Italia. Ningerudi hata kesho. Ila gharama ya safari ile huamuliwa ukiwa bado nyumbani, na uamuzi wa kwanza ni tarehe.

Agosti iepuke ukiweza. Tarehe 15 ni Ferragosto, sikukuu ya kitaifa ya kiangazi, Waitaliano wengi wako likizo, na kambi za pwani hufurika kwa bei ya juu. Septemba bahari bado ina joto na vivuli vinapatikana. Kivuli usikidharau: hema lililopigwa jua tangu asubuhi halilaliki.

Usipange kulala popote patakapokuvutia. Kupiga hema nje ya kambi rasmi kumekatazwa sehemu nyingi, na faini inauma. Iombe kila kambi uthibitisho wa maandishi wa nafasi uliyoweka, maana mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania atautumia kuombea viza ya Schengen, ile ya kuingilia Italia na nchi nyingi za Ulaya, pamoja na bima ya safari ya kuanzia yuro 30,000. Mapokezi wataitaka pasipoti yako. Usishtuke, sheria inawataka wawaandikishe wageni kwa polisi. Tenga pia kodi ya utalii inayotozwa sehemu nyingi kwa kila mtu kila usiku. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona.

Sasa hema lenyewe. Vile vigingi vyembamba vinavyokuja nalo viache nyumbani. Tulifika Ziwa Garda mchana, udongo umekauka na umejaa changarawe, na vigingi vinne vikapinda kabla ya kuingia hata nusu. Tukafunga kamba kwenye mawe. Alasiri ukaanza Ora, upepo wa kusini unaovuma pale karibu kila siku ya jua kali, ukanyanyua upande mzima wa hema pamoja na nguo zetu. Bibi wa hema la jirani akatoka na nyundo ya mpira na vigingi vya chuma vinene kama kidole, akapiga magoti, akavipigilia kimoja kimoja huku akituonyesha mlalo wake: kichwa cha kigingi kielekee nje, mbali na hema. Binamu yangu, mtoto wa Malindi aliyeokota Kiitaliano kwa wageni wa hoteli, akamshukuru: "Grazie mille, signora." Akatuita ragazzi, vijana, na jioni akatuletea bakuli la nyanya. Vigingi vya chuma ni vizito, lakini beba.

Gesi haipandi ndege, utainunua huko. Hakikisha tu kama jiko lako linashika mtungi wa skrubu au wa kubonyeza, kwani mmoja haukai mahali pa mwingine.

Kula ndiyo raha ya safari hii. Pichi zilizoiva, mkate, jibini la pecorino: mlo wa watu wawili kwa bei ya sahani moja mgahawani. Muislamu akariri neno strutto, mafuta ya nguruwe, ambayo hutiwa kwenye piadina nyingi na baadhi ya focaccia, mikate bapa ya Kiitaliano. Asome maandishi ya pakiti. Kahawa inywe umesimama kaunta, kwani ukikaa mezani bei hupanda. Roma beba chupa tupu. Mabomba ya chuma ya mitaani, nasoni, hutoa maji baridi ya kunywa bure. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kupitia tundu dogo hadi kinywani. Baada ya kutwa nzima juani, sijui kinywaji kitamu kuliko hicho.

Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Mwenye gari ajihadhari na alama za ZTL, maeneo yasiyoruhusu magari bila kibali, katikati ya miji: kamera humnasa, na faini humfuata nyumbani miezi kadhaa baadaye. Kofia ya kuogelea iwemo mzigoni, kwani mabwawa mengi hayatakuruhusu kuingia bila hiyo. Dawa ya mbu pia, maana kuna mbu wa milia wanaouma mchana kweupe.

Ratiba ikiruhusu, Jumapili ya kwanza ya mwezi ikukute Pompei. Siku hiyo magofu ya mji huo wa kale wa Kirumi huingiwa bure, na kuna kambi hatua chache tu kutoka getini. Fika Jumamosi, nunua mkate na matunda jioni hiyohiyo, na uwe kwenye foleni kabla geti halijafunguliwa.