Kuilinda Almasi ya Pete ya Uchumba, Kidoleni na Katika Bima

Almasi ina daraja la juu kabisa, yaani 10, katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, na kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba pete yenye almasi haihitaji uangalizi. Wanachosahau ni kwamba jiwe hilo limeshikwa na vikucha vyembamba vya dhahabu au platinamu, na vikucha hivyo husagika kidogo kidogo kila mkono unapoingia mfukoni, unapokunja nguo au unaposhika chuma. Tena ugumu si sawa na uimara. Almasi haikwaruziki kwa urahisi, lakini muundo wake wa ndani una pande nne ambazo hupasukia kwa wepesi, hivyo pigo moja kali kwenye ukingo wake laweza kulimega jiwe. Ulinzi wa pete basi huanza kwenye chuma kinacholishika jiwe, na bima, kama tutakavyoona, haimwondolei mwenye pete wajibu huo.

Ukaguzi wa nyumbani huchukua dakika chache na unafaa kufanywa kila mwezi. Ioshe pete kwanza, kwa kuwa uchafu uliogandamana chini ya jiwe waweza kulishikilia jiwe lililolegea likaonekana kama limekaza. Kisha ipitishe juu ya kitambaa laini, kwa mfano soksi nyembamba, na uangalie kama inanasa uzi. Kikucha kinachonasa uzi kimeinuka au kimepinda. Iweke pete karibu na sikio na uigonge taratibu kwa kidole, kwani jiwe lililolegea hutoa mlio mdogo wa kugongana na chuma. Mwisho itazame kwa ubavu chini ya mwanga mkali: jiwe linapaswa kukaa sawa bila kuinamia upande mmoja, na ncha ya kila kikucha iwe imelilalia jiwe, si kusimama kando yake. Ukiona dalili yoyote kati ya hizo, ivue siku hiyo hiyo, uitie ndani ya mfuko mdogo unaofungika, na usiivae tena hadi sonara aione. Anayesema ataivaa kwa sherehe moja tu kabla ya kuipeleka ndiye hurudi na pete yenye tundu.

Ukaguzi wako hauchukui nafasi ya ule wa sonara, ambao ufanyike walau mara moja kwa mwaka, na kila miezi sita kwa anayeivaa pete kila siku. Sonara hutumia lenzi inayokuza mara kumi, huona nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona, na anaweza kuongeza chuma kwenye ncha zilizosagika au kubadilisha kikucha kizima. Mwulize pia kama umbo la pete linafaa kwa kazi unazofanya. Vikucha sita vina nafasi nzuri zaidi ya kulizuia jiwe kuliko vinne, kwa sababu kimoja kikikatika vitano hubaki, na pete ambayo jiwe lake limezungushiwa ukingo wa chuma pande zote ndiyo salama zaidi kwa mtu anayefanya kazi za mikono, ingawa mng'ao wake wa pembeni hupungua kidogo. Jihadhari na mazoea ya kuing'arisha pete mara kwa mara, kwani kila mng'arisho huondoa tabaka jembamba la chuma, na chuma hicho ndicho unachokihitaji. Unapoiacha pete kwa fundi, dai risiti inayolieleza jiwe kwa uzito na vipimo, na ikiwa jiwe lina namba iliyochorwa kwa leza kwenye ukingo wake, omba uoneshwe namba hiyo unapoiacha na unapoichukua.

Katika maisha ya kila siku, ivue pete unapobeba vitu vizito, unapolima bustani, unapokanda unga na unapotumia dawa kali za usafi. Klorini ya mabwawa ya kuogelea hushambulia metali zilizochanganywa na dhahabu na kuvidhoofisha vikucha, na maji ya baridi hupunguza unene wa vidole hadi pete nzima ikateleza bila mwenyewe kuhisi. Hata hivyo kuivua nako kuna hatari yake: pete iliyowekwa ukingoni mwa sinki imo hatarini kuliko iliyo kidoleni. Chagua mahali pamoja tu nyumbani pa kuiweka, na pengine popote usiiweke. Pete iliyokulegea nayo irekebishwe ukubwa mapema, kwa kuwa huzunguka kidoleni na kuligongesha jiwe kila mara.

Kuisafisha ni jambo rahisi. Almasi hunasa mafuta kwa asili yake, sifa ambayo iliwahi kutumiwa migodini, ambapo mawe yaliyopondwa yalipitishwa na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, mawe mengine yakapita na almasi zikanata. Ndiyo maana losheni na sabuni za mche hulififisha jiwe upesi. Bakuli la maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha. Dawa ya meno hukwaruza dhahabu. Mashine za kusafishia kwa mitetemo zaweza kulegeza vijiwe vidogo vya pembeni, hivyo ziachwe kwa sonara.

Sasa bima. Mkataba wa bima ya vitu vya nyumbani mara nyingi huweka kikomo cha fidia kwa vito, na kikomo hicho huwa chini ya thamani ya pete ya almasi. Suluhisho ni kuiorodhesha pete kwa jina na thamani yake ndani ya mkataba huo, au kuikatia bima yake peke yake. Kabla ya kutia saini, uliza kama mkataba unafidia kupotea bila maelezo na si wizi pekee, kama unalifidia jiwe lililodondoka wakati pete yenyewe ipo, kama unafanya kazi ukiwa safarini nje ya nchi, na ni kiasi gani utajilipia mwenyewe kwanza kabla ya kampuni kulipa. Kisha soma sehemu ya mambo yasiyofidiwa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote. Humo kwa kawaida utakuta uchakavu: bima hulipia tukio la ghafla, hailipii kikucha kilichosagika kwa miaka. Baadhi ya mikataba hudai wazi ukaguzi wa sonara kwa vipindi maalumu, kwa hiyo hifadhi kila risiti ya ukaguzi pamoja na hati za bima.

Thamani inayoandikwa itokane na tathmini ya mtaalamu, ikitaja karati za jiwe (karati moja ni gramu 0.2), rangi, usafi, mkato, aina ya metali na usafi wake, na kama almasi ilichimbwa au ilitengenezwa maabara. Tathmini iliyovimbishwa haina faida, kwani utalipa ada kubwa ilhali kampuni nyingi hulipa gharama halisi ya kupata pete inayolingana. Iliyo ndogo nayo huweza kupunguza fidia kwa uwiano ule ule. Irudiwe kila baada ya miaka miwili au mitatu, hasa kwa almasi za maabara, ambazo bei yake imeshuka sana miaka ya karibuni. Iarifu pia kampuni ya bima ni nani mmiliki: mchumba aliyeinunua anaweza kuikatia bima kabla ya kuitoa, lakini ikishavishwa, huenda mkataba ukahitaji jina la anayeivaa.

Jiwe likidondoka, simama ulipo, tia pete katika mfuko, na umulike sakafu kwa tochi iliyolazwa chini ili mwanga upite juu ya sakafu na kulifanya jiwe limetemete. Funga soksi nyembamba mdomoni mwa mashine ya kufyonza vumbi kabla ya kuitumia, na fungua kona ya bomba chini ya sinki kabla ya kumwaga maji zaidi. Usipolipata, iarifu kampuni ya bima mara moja, toa taarifa polisi ikiwa ni wizi, na usimpe sonara kazi ya kuweka jiwe jipya kabla ya kampuni kuiona pete au kukuruhusu. Na ikiwa jiwe litaonekana baada ya fidia kulipwa, fahamu kwamba kwa kawaida limekuwa mali ya kampuni. Itakubidi uwaarifu, na ukilitaka, uulize kama wanakubali uwarudishie fedha zao ulichukue.