Kabla ya Kulisha Bakteria Shira ya Sorbitoli: Mambo ya Kuzingatia Mombasa

Sorbitoli ni alkoholi ya sukari. Bakteria aitwaye Gluconobacter oxydans huigeuza kuwa sorbosi, ambayo tangu miaka ya 1930 imekuwa hatua ya njiani katika kutengeneza vitamini C. Bakteria huyu ni wa jamii moja na wale wanaoligeuza tembo la mnazi kuwa siki likilala. Hesabu zilizo hapa ni za tangi la lita 5, linaloanza na lita 3 za mchanganyiko.

Anza na shira yenyewe. Inayouzwa kwa asilimia 70 ina uzito wa takriban kilo 1.29 kwa lita, yaani karibu gramu 900 za sorbitoli katika kila lita. Lakini soma cheti chake kwanza. Shira isiyoganda, ile wanayotumia watengenezaji wa dawa za meno na peremende, huwa na maltitoli na vinginevyo ndani ya hiyo asilimia 70, na hivyo havitakuwa sorbosi hata ungoje wiki. Uliza pia kiasi cha glukosi iliyobaki. Glukosi hugeuka asidi ya glukoniki na kushusha pH, ilhali sorbitoli kugeuka sorbosi hakuzai asidi. Ukiona pampu ya magadi, ile inayorudisha pH juu, inafanya kazi mfululizo mapema, ishuku shira.

Usiimimine yote mwanzoni. Sukari nzito huvuta maji kutoka kwenye seli, nazo zikachelewa kukua. Anza na gramu 100 kwa lita, yaani mililita 330 za shira kwenye lita 3. Gramu 500 nyingine za sorbitoli, karibu mililita 555 za shira, ziwe kwenye chupa ya kulishia iliyokwisha kuchemshwa kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuua vijidudu) kwa nyuzi 121, dakika 20. Andaa na chupa ya pili: mililita 100 za maji zenye gramu 10 za dondoo ya hamira. Tangi lenyewe lianze na gramu 10 za dondoo hiyo kwa lita, gramu 1 ya fosfati ya potasiamu na nusu gramu ya salfeti ya magnesiamu. Chupa ya pili itiwe tangini mapema, ukuaji unapoanza tu kupungua kasi. Virutubisho vya kuchelewa haviongezi seli. Hubaki kwenye maji na kukusumbua wakati wa kugandisha sorbosi.

Maji yawe yaliyokenekwa. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na chumvi hiyo ni mzigo juu ya mzigo wa sukari.

Sasa tufike kwenye hewa, ambayo ndiyo inayoamua kila kitu. Kila kilo ya sorbitoli inahitaji gramu 88 za oksijeni. Seli zikiwa zimeshamiri na kugeuza gramu 10 kwa lita kwa saa, oksijeni iliyoyeyuka tangini inatosha kwa nusu dakika tu. Kupuliza lita 3 za hewa kwa dakika kunaleta oksijeni nyingi kuliko hitaji. Kinachokwama ni kuyeyuka kwake. Kwa hiyo kagua mapanga ya kichanganyio na vitundu vya kupulizia kabla ya kufikiria pampu kubwa zaidi. Dawa ya kuzuia povu iwe matone. Ikizidi, inazuia oksijeni isiyeyuke.

Stima ikikatika, jenereta inayochukua dakika kuwaka imeshachelewa. Kichanganyio na pampu ya hewa viwe kwenye inveta yenye betri. Kichujio cha hewa kikae juu ya usawa wa maji tangini, na mpira wake uwe na vali ya njia moja. Bila hivyo, hewa ikisimama maji hurudi nyuma, kichujio hulowa, na uchafu hupata mlango.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 30. Wakati wa kaskazi chumba kinaweza kufika 32, na maji ya tangi la juu ya paa yana joto zaidi ya hilo, kwa hiyo hayatapooza chochote. Zungusha maji yaliyofungwa kupitia sanduku la barafu. Barafu ya wauza samaki inafaa kabisa, maana haigusi mchanganyiko.

Pampu ya kulishia ipimwe kwa shira, si kwa maji. Shira ni nzito na hupita polepole. Kiwango cha gramu 30 za sorbitoli kwa saa ni mililita 33, yaani gramu 7 za shira kila dakika 10. Weka kikombe kwenye mizani uhakikishe. Kwa kasi hiyo ulishaji utachukua karibu saa 17, basi panga nani atalala hapo.

Mbegu, yaani bakteria wa kuanzishia, iwe mililita 300, iliyokuzwa saa 24 kwenye chupa zisizojazwa zaidi ya moja ya tano. Itazame kwa hadubini: vijiti vifupi ni sawa, seli kubwa zinazochipua ni hamira, na chupa hiyo imwagwe. Kabla ya kuitia, acha tangi likiwa limetayarishwa usiku mzima. Mchanganyiko ukitibuka bila mbegu, tangi lina uvujaji.

Kupima sorbosi, tumia kipimo cha DNS (kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sukari kama sorbosi na glukosi) na mstari wa viwango uliochorwa kwa sorbosi, si glukosi. Sorbitoli yenyewe haibadilishi rangi yake.

Ulishaji ukianza, tazama kipima oksijeni. Ikipanda ghafla, tia mililita 10 za shira: ikishuka ndani ya dakika chache, seli zilikuwa na njaa, ongeza kasi. Isiposhuka, seli zimechoka, na shira zaidi ni hasara. Ikikaa chini ya asilimia 20, zima pampu ya shira na uongeze mzunguko wa kichanganyio mpaka irudi.