Kabla Hujatoa Fedha Nyingi kwa Ukulele

Ukulele, kile kigita kidogo cha nyuzi nne, ya bei chee ikikuangusha, unacheka na kuitundika ukutani iwe pambo. Ya bei mbaya ikikuangusha, hucheki. Na fedha zikiwapo ndipo macho hutangulia masikio. Kwa hiyo pitia haya kabla hujafungua pochi, na hasa usiliruke lile la rula.

Anza na ukubwa. Ziko nne: soprano, yenye nyuzi za urefu wa kama sentimita 35 kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja (kile kibao usoni ambako nyuzi hufungwa), konseti, kama 38, tenori, kama 43, na baritoni, karibu 50. Tatu za kwanza hutyuniwa, yaani nyuzi hukazwa zitoe noti, G-C-E-A. Baritoni kwa kawaida ni D-G-B-E, sawa na nyuzi nne nyembamba za gita, hivyo kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ulizojifunza kwenye tenori zitatoka kwa majina mengine. Kubwa si bora kuliko ndogo. Wapo wapigaji hodari wasiotaka kusikia habari ya kitu kingine zaidi ya soprano. Pima kwa vidole vyako, wala usifuate bei.

Pili, mbao. Kwa bajeti nono, dai mbao nzima mwili mzima: uso, mgongo na mbavu. Wauzaji hupenda kusema "uso ni mbao nzima" kisha wakanyamaza, kumbe huko nyuma ni plaiwudi. Chungulia ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikishuka kutoka usoni na kuendelea ukingoni, ni mbao nzima. Ukiona matabaka kama ya mkate uliopakwa siagi katikati, umeshajua. Koa ndiyo mbao yenye sifa kubwa, na kwa asili mti huo huota Hawaii tu, ndiyo maana hauji kwa bei ya kutupa. Kampuni ya Kamaka ya Honolulu, hukohuko Hawaii, imekuwa ikitengeneza ukulele tangu 1916. Lakini usiape kwa koa peke yake. Martin, kampuni ya magita ya Marekani, walipoanza kuuza ukulele zao, mwaka huohuo wa 1916, walianza na mahogani, na mahogani ina sauti ya upole ambayo mimi binafsi naipenda zaidi. Piga zote mbili huku umefumba macho.

Funguo za kukazia nyuzi ziwe za gia. Zile zinazoshikilia kwa msuguano tu ni nzuri machoni, ila ukizigusa kidogo sauti inaruka hatua nzima. Pitisha kidole kwenye kingo za shingo, juu na chini: ncha za freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatisha shingo, zikikukwaruza, ujue mbao imesinyaa kwa ukavu, na hiyo inakwambia jinsi duka lilivyoitunza. Nyuzi zikae juu ya freti ya 12 kwa kama milimita mbili na nusu. Suala la uzi wa G, uwe wa sauti ya juu au ya chini, lisikunyime usingizi. Ni uzi tu unabadilishwa, ingawa huo wa chini ni mnene na huenda mfereji unamokaa mwanzo wa shingo ukahitaji kupanuliwa kidogo.

Sasa lile la rula.

Tenori yangu ya kwanza ya fedha za maana niliinunua kwa sababu ya ua. Lilikuwa ua la lulumizi, limepachikwa kichwani na kuzungushwa kwenye tundu la sauti, na kila ukiigeuza linabadilika rangi. Niliipiga dukani kodi tatu, zote za chini karibu na kichwa. Ilinguruma vizuri. Nikalipa.

Nyumbani, kila nikipanda kuelekea katikati ya shingo, wimbo unachacha. Nikabadilisha nyuzi. Nikaambiwa ninakandamiza mno, nikajifunza kukandamiza kwa upole. Miezi minane nilijilaumu masikio na vidole, hata nikaacha kupiga mbele ya watu. Siku moja rafiki yangu akaniazima ukulele yake ya plaiwudi, iliyochubuka kama meza ya shuleni, nikapiga wimbo uleule. Haukuchacha popote.

Nikaipeleka ya kwangu kwa fundi wa magita. Hakuipiga hata mara moja. Alichukua rula akapima kutoka kile kijiti cheupe kilicho mwanzo wa shingo hadi freti ya 12: milimita 215. Kisha kutoka freti ya 12 hadi kijiti cha kwenye daraja: 213. Akaniangalia. Vipande hivyo viwili vinatakiwa kulingana, na cha pili kizidi kwa milimita moja au mbili, kwa sababu unapoukandamiza uzi unaukaza na sauti inapanda. Changu kilikuwa kimepungua. Daraja lilikuwa limegundishwa mahali pasipo pake tangu kiwandani, na hakuna kidole duniani ambacho kingelirekebisha. Kulibandua na kulirudisha mahali pake kulikula fedha, na alama ya gundi ya zamani ipo mpaka leo, mbele ya lile ua.

Basi nenda na rula. Huna rula? Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuukandamiza, uudonoe, utoe sauti nyembamba kama kengele. Halafu ukandamize hapohapo na udonoe tena. Sauti mbili hizo ziwe moja. Fanya hivyo kwa nyuzi zote nne, na programu ya kutyuni ya simu iwe mezani, maana sikio lililokwisha kupenda husamehe.

Ukishainunua, mbao nzima ina kiu. Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 45 na 55. Weka kipimio kidogo ndani ya kasha, na msimu wa ukavu tia kitunza unyevu. Usiiache ndani ya gari wala karibu na kipasha joto. Plaiwudi huvumilia mengi. Hii ya kwako itapasuka.

Ukinunua kwa picha, hakikisha unaruhusiwa kuirudisha, tena kwa maandishi, na uyafanye majaribio yote siku ileile inapofika. Iliyotumika, ipitishie tochi ndani ya tundu uone kama kuna ufa uliozibwa au ubao wa ndani ulioachia. Usinunue ukiwa na njaa ya kuwa nayo leo. Muuzaji akiwa mpigaji hodari, mshukuru kisha umwombe akupe uipige wewe, kwa sababu mikono yake haiendi nawe nyumbani. Kodi tatu hazitoshi. Panda shingo yote hadi freti ya mwisho. Na rula iwe ya plastiki, ya chuma itachuna vanishi kabla hujalipa.