Namna ya Kuwasimulia Wazee Tamthilia ya Kihispania ya Mapenzi Yaliyokatazwa

Katika nyumba nyingi za Mbeya, Tukuyu na Iringa, saa ya tamthilia huwakusanya watu wa rika tatu mbele ya televisheni moja, na mara nyingi ni mmoja tu kati yao anayeielewa vizuri lugha inayosemwa. Tamthilia za Meksiko, Kolombia na Venezuela kwa kawaida hutufikia zikiwa zimewekewa sauti za Kiingereza juu ya Kihispania chake. Kwa hiyo bibi aliyeketi karibu na jiko huiona midomo ikisema hivi na kusikia sauti ikisema vile, kisha humgeukia mjukuu aliyemaliza kidato cha nne amwambie kwa nini binti yule analia. Mwongozo huu ni wa mjukuu huyo. Kazi aliyopewa ni ya heshima, na inahitaji maandalizi kuliko wengi wanavyodhani.

Kubali tangu mwanzo kwamba hutatafsiri kila neno, wala usijaribu. Waigizaji husema haraka, na wewe ukiwa bado unaitafuta sentensi ya pili, wao wameshafika ya tano, hata bibi akakosa maneno na picha kwa pamoja. Anachohitaji kukijua wakati wote ni mambo matatu: nani anamtaka nani, nani amekataza, na nani bado hajui. La tatu husahauliwa sana na wasimulizi, ilhali ndilo linaloibeba tamthilia ya mapenzi yaliyokatazwa. Mtazamaji hukaa kwenye ncha ya kiti kwa sababu yeye anaijua barua iliyofichwa kabatini, na stelingi anayepita mbele ya kabati hilo haijui. Ukimwambia bibi maneno yote ya mazungumzo ukaacha kumkumbusha kwamba huyu hajui, umemnyima utamu wenyewe.

Kazi hii inawezekana kwa sababu tamthilia hizi zilitokana na sanaa ya sikio. Karne ya 19 nchini Kuba, wafanyakazi wa viwanda vya sigara walikuwa wakichanga fedha zao wenyewe kumlipa msomaji, ambaye alikaa juu ya jukwaa na kuwasomea magazeti na riwaya kwa sauti wakati mikono yao ikiviringisha tumbaku. Baadaye ikaja redio. Mwaka 1948, mjini Havana, Félix B. Caignet alianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa El derecho de nacer, unaohusu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye babu yake alitaka afe, naye akaokolewa na kulelewa na yaya mweusi wa nyumba hiyo hadi akawa daktari. Mchezo huo ulifanywa tena na tena katika televisheni za nchi mbalimbali, na mpaka leo waandishi wa tamthilia huwafanya wahusika waseme kwa sauti mambo ambayo mtu wa kawaida angeyaweka moyoni. Jikoni kwetu hilo ni msaada mkubwa, kwa kuwa mhusika akibaki peke yake chumbani ataitaja siri yake mwenyewe, nawe una nafasi ya kuipokea na kuipitisha kwa bibi. Wazee wa Chunya waliolima tumbaku maisha yao yote hufurahi sana wakisimuliwa habari za wale wasomaji wa Kuba, hivyo unaweza kuanza nazo siku ya kwanza.

Kabla ya kukaa, jua ukoo. Chukua daftari, uchore familia mbili zinazopingana, na chini ya kila mtu uandike anachokitaka. Majina ya Kihispania huwachanganya wazee kwa sababu mtu mmoja hubeba majina mawili ya ukoo, kwa kawaida la baba kwanza kisha la mama, na mwanamke akiolewa kwa desturi haachi ya kwao. Usiwalazimishe wayakariri. Mpe kila mhusika cheo kimoja, kisha usikibadilishe hata siku moja: yule askari, yule daktari, mama wa binti, kaka mlevi. Katika Pasión de gavilanes, iliyotengenezwa Kolombia na kuanza kuonyeshwa mwaka 2003, wapo ndugu watatu wa ukoo wa Reyes na dada watatu wa ukoo wa Elizondo, na asiyewapanga mapema atapotea wiki ya kwanza. Waite mafundi ujenzi na mabinti wa shambani. Ndugu hao waliingia katika shamba hilo wakijifanya mafundi ili walipize kisasi cha dada yao aliyekufa maji, kisha wakawapenda mabinti wa nyumba ileile waliyokuja kuiangamiza. Mueleze bibi sababu hiyo ya kisasi sehemu ya kwanza kabisa, kwa maana akiikosa, kila kinachofuata kitamwonekea kama uchumba wa kawaida uliocheleweshwa na mama mkali.

Sasa tazama namna ya kusimulia tukio lenyewe. Nachukua Amor real ya Meksiko, ya mwaka 2003, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyolishughulikia katazo kwa ustadi kuliko nyingine nilizozijua. Mambo yake yanatokea katika karne ya 19. Matilde ni binti wa jenerali, wa familia yenye jina kubwa lakini iliyokwisha kufilisika, naye anampenda Adolfo, luteni asiye na mali. Mama yake na kaka yake wanataka aolewe na Manuel, daktari aliyezaliwa nje ya ndoa na kurithi utajiri wa baba yake, ili madeni ya nyumba yalipwe. Adolfo anasingiziwa na kutupwa gerezani, Matilde anadanganywa kwamba mpenzi wake ana mke, na katika uchungu huo anakubali kuolewa. Siku ya harusi Adolfo, aliyekwisha kutoroka gerezani, anatokea.

Msimulizi asiyejiandaa angehangaika na maneno wanayoambiana wapenzi hao, ambayo bibi anaweza kuyakisia kutokana na machozi. Aliyejiandaa angesema hivi: “Bibi, askari ametoka gerezani, amekuja. Binti ndiyo kwanza anajua kwamba alidanganywa, kumbe hakuwa na mke. Bwana harusi hajui lolote. Yeye anadhani amependwa.” Hayo yanatosha, kisha unyamaze. Bibi atauliza: “Na madeni ameshayalipa huyo daktari?” Mjibu, “Ameshalipa, Bibi,” na utaona jinsi anavyobadilisha mkao, kwa sababu kwa jibu hilo fupi amekwisha kuelewa kwamba na bwana harusi naye ameonewa.

Swali hilo la bibi linaonyesha pia jambo ambalo vijana hulipita. Katika tamthilia hiyo Manuel anamchukua Matilde hadi shambani kwake baada ya kugundua kuwa alitaka kutoroka, na polepole, ndani ya ndoa ile aliyolazimishwa, Matilde anaanza kumpenda mumewe. Mapenzi yaliyokuwa halali moyoni mwake yanakuwa ndiyo yaliyokatazwa, na yale ya kulazimishwa yanakuwa ya kweli. Usikimbilie kumwambia bibi upande wa kushika. Wazee wengi wa nyanda hizi waliposwa kwa ng'ombe na kwa makubaliano ya wazazi, wengine walimpenda mwenza wao baadaye na wengine hawakumpenda kamwe, na katika ukumbi huo wao ndio wenye ujuzi wa jambo linaloonyeshwa. Wape nafasi ya kubishana wakati wa matangazo. Kama wajukuu wapo na mjadala umefika kwenye kulazimishwa, hakuna ubaya kukumbusha kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili wanaooana. Likumbushe kwa heshima na kwa sentensi moja, maana watu wamekuja kutazama tamthilia.

Yapo maswali yanayorudi kila mara, na majibu yake ni vizuri uwe nayo tayari. La kwanza ni hili: mbona asiachane naye akaolewa na ampendaye? Kwa tamthilia zinazosimulia mambo ya karne ya 19 jibu ni kwamba hakuweza. Meksiko ilianzisha ndoa ya kiserikali mwaka 1859, lakini talaka inayomruhusu mtu kuoa au kuolewa tena haikuwepo hadi sheria ya mwaka 1914. Ukilisema hili mapema, katazo linapata uzito wake, kwa sababu msikilizaji anaona ukuta ambao hata mtu jasiri hawezi kuuruka.

La pili linamhusu padre. Katika tamthilia nyingi padre anaijua siri yote, kwa kuwa muovu amekwenda kuungama, lakini hafungui kinywa hata binti anapoelekea kuangamia. Wazee wa Kikatoliki wa Tosamaganga hawaulizi, wanajua kwamba siri ya kitubio haivunjwi, yaani padre haruhusiwi kamwe kufichua aliyoungamiwa. Bibi Mmoraviani wa Rungwe atamlaumu padre yule kwa hasira kubwa, na anastahili maelezo hayo.

La tatu ni lile shamba kubwa lenye nyumba ya bwana, kanisa dogo na vibanda vya wafanyakazi. Liite shamba la walowezi, au mwambie ni kama mashamba ya chai ya Mufindi yenye kambi za vibarua, na wenye umri mkubwa wataelewa papo hapo kwa nini mtoto wa mwenye shamba hawezi kumwoa mchuma majani bila nyumba nzima kutikisika.

Wakati wa kusema una kanuni yake. Sema kamera inapowaonyesha watu wakitembea, wakifungua milango au wakipanda farasi, na unyamaze uso unapojaza kioo, maana hapo muziki na macho vinasema vyenyewe. Kama maneno mawili ni ya lazima, yaseme kwa sauti ya chini bila kuondoa macho kwenye televisheni, ili na wengine wasilazimike kukutazama wewe. Punguza sauti ya televisheni kidogo tu. Ukiizima kabisa, wazee hukosa vilio na vishindo ambavyo wao huvifuatilia zaidi. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, jiko la mkaa likiingizwa sebuleni, acha dirisha wazi hata kama watu watanung'unika, kwa kuwa hewa ya sumu ya mkaa, isiyoonekana, huua, na sehemu moja ya tamthilia ni muda wa kutosha kuleta madhara hayo.

Kisha liko suala la adabu ya ukwe, ambalo huku kwetu ni zito. Desturi ya Wanyakyusa ilimtaka mkamwana ajitenge kabisa na baba mkwe wake, asimtazame wala wasikae pamoja, na hata katika nyumba ambazo desturi hiyo imelegea, mkwe na mkamwana hawawezi kutazama busu wakiwa sebule moja bila kila mmoja kuona haya. Tamthilia ya mapenzi yaliyokatazwa haitembei mbali bila busu. Jua mapema nani atakuwepo. Kama baba mkwe yumo, mkamwana akae jikoni na asimuliwe baadaye, au mpange mapema kwamba matukio ya chumbani yakianza utamwomba mtu alete chai na wewe uanze kueleza yaliyotokea jana. Usichukue rimoti na kubadili chaneli kwa pupa, kwa maana hilo huwafanya wote watambue kile ulichotaka wasikitambue. Unaposimulia, toa matokeo ya tukio na uache namna lilivyotokea: “Wamelala nyumba moja, na mama yake amejua.”

Umeme ukikatika katikati, usibuni. Ni kishawishi kikubwa, hasa bibi anapokuuliza kama binti amefika stesheni kabla ya treni kuondoka, lakini ukisema amefika na kesho ikaonekana hakufika, atayatilia shaka yote utakayomwambia baadaye. Tamthilia hizi huonyeshwa siku tano kwa wiki na aghalabu huwa na sehemu kati ya mia moja na mia mbili, kwa hiyo tukio kubwa litarudiwa na kukumbukwa na wahusika wenyewe kesho yake. Mwambie wazi kwamba mtalipata kesho.

Mwisho wa tamthilia ndipo panapohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hufika kweli, tofauti na zile za Kimarekani zinazoendelea miaka na miaka. Wiki ya mwisho mara nyingi huangukia wakati bibi amekwenda Kyela kwenye mavuno ya mpunga. Mrekodie ujumbe wa sauti kwa kila sehemu, kila mmoja usizidi dakika tatu, na uufungue kwa kumkumbusha nani hajui nini. Mpigie simu mtu mzima aliyeko naye na umwambie amfungulie jumbe hizo kwa mpangilio wa siku, asianze na ule wa harusi.