Crown JZS171: anza na maji, mengine yafuate

Gari langu ni Crown Royal Saloon ya 2001, chasi JZS171, injini 1JZ-GE ya silinda sita za mstari mmoja, cc 2,500 kasoro kidogo. Nalitumia hapa Dar, na sikukuu nalipandisha Kitonga kwenda Iringa kwa wakwe. Kama lako ni GS171 yenye injini ya 1G, au lina injini ya D-4 (inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda), mengi ya hapa yatakufaa, ila habari ya koili, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme, usiichukue kama ilivyo.

Ukinunua Crown ya umri huu, usikimbilie rimu wala redio. Shughulikia maji ya kupozea injini kwanza. Injini za JZ ni ngumu, zinavumilia mengi, lakini joto hazilivumilii. Zikichemka mara moja vibaya, gasketi ya silinda hedi inaungua, hedi inapinda, na hapo gharama inaanza kulingana na bei ya gari lenyewe.

Fungua boneti asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Toa mfuniko wa rejeta uchungulie. Maji yawe yamejaa hadi mdomoni na yana rangi ya kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta. Ukikuta maji ya kahawia yenye kutu, mwenye gari aliyekutangulia alikuwa anajazia maji ya bomba au ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Ukikuta utando wa mafuta juu, au mapovu yanayotoka mfululizo injini ikiwashwa, usinunue hilo gari. Kama ni lako tayari, lipeleke likapimwe gasketi kabla hujabadilisha kitu kingine chochote. Mfuniko ukiwa na mpira uliokakamaa, nunua mpya. Ndio unaoshikilia presha, na presha ndiyo inayofanya maji yachelewe kuchemka.

Sasa themostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto kuruhusu maji yapite kwenye rejeta. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu magari mengi mazuri yamekufa kwa jambo hili. Mafundi wengi wetu gari likichemsha dawa yao ni moja: toa themostati, tupa. Kuna gereji iliwahi kunitolea yangu bila kuniuliza. Niligundua kwa mshale wa joto: nikishapita Kibaha barabara ikiwa wazi, mshale unashuka chini ya katikati; nikirudi kwenye foleni ya Ubungo, unapanda juu ya katikati. Na petroli inakwenda kama inamwagwa.

Sababu ni hii. Themostati ya JZ ina sahani mbili. Sahani kubwa hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta joto likifika kama nyuzi 82. Sahani ndogo iliyo chini yake, wakati huohuo, hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani, hairudi kupozwa. Kwa hiyo kuitoa hakuponyi kuchemka, kunaweza hata kufanya gari lichemke zaidi. Na barabarani injini ikiwa baridi mno, kompyuta inadhani gari bado linapashwa moto, inaongeza petroli, na gia boksi nayo inaweza kuchelewa kuingiza gia ya mwisho.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, weka juu ya jiko, itazame. Joto la kufungukia limechapwa kwenye themostati yenyewe. Ikifunguka polepole na kujifunga ikipoa, ni nzima. Ikikwama, nunua halisi. Za bei ya chini nyingi hazina sahani ya pili au ni fupi. Unapoirudisha, kile kipini kidogo cha kupitishia hewa kikae juu.

Ukijaza maji, egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, fungua hita hadi mwisho, acha injini iungurume mpaka mpira wa rejeta uwe wa moto na maji yashuke, ndipo uongeze. Tumia kulanti nyekundu ya Toyota au inayolingana nayo, na kama si ile iliyochanganywa tayari, ichanganye nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi. Na kumbuka, mshale wa Toyota hukaa katikati hata joto likipanda kiasi. Ukiuona umevuka katikati, hali imeshakuwa mbaya: washa hita, tafuta pa kusimama, zima. Mfuniko usiuguse mpaka injini ipoe.

Mkanda wa taiming, ule unaozungusha kemshafti za valvu, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Tafuta kistika cha Kijapani ndani ya boneti. Gereji za huko hubandika kilomita na tarehe ya kubadilishia. Kama hakipo, usiamini dashibodi, maana kilomita hurudishwa nyuma. Badilisha, na pampu ya maji uibadilishe hapohapo pamoja na sili za mbele, kwa sababu baadaye kuifikia pampu ni lazima ufungue kila kitu tena.

Injini ikianza kutetemeka, hasa ukiwa umesimama na gia iko D, usianze kununua plagi sita. 1JZ-GE hii ina koili tatu tu. Kila moja inahudumia silinda mbili: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Koili ikifa, silinda mbili zinalala pamoja. Chomoa plagi uangalie kama zimeogelea oili. Zikiwa hivyo, gasketi ya kava ya valvu ndiyo inayovuja, nayo ni rahisi kuliko koili. Ukilazimika kununua koili ya mtumba pale Shaurimoyo, iwe na soketi nzima isiyopasuka, na mwenye duka akubali uijaribu kwenye gari kabla hujalipa.

Gia boksi inataka ATF (mafuta ya gia boksi ya otomatiki) ya Type T-IV. Pima kiasi chake injini ikiwa ya moto na inaunguruma, ukiwa umepitisha gia zote kisha umerudi P. Ukimwaga kwa chini, nusu au zaidi inabaki ndani ya tokonveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi), hivyo mwaga na ujaze mara kadhaa, ukiendesha kidogo kila mara. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mwone fundi wa gia boksi kwanza.

Miguu ya mbele itakudai mara kwa mara kwa barabara zetu. Ukisikia kugonga kwenye matuta, nyanyua gari, weka stendi (jeki peke yake usiingie chini yake), shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, angalia bolijointi ya chini (kiungo cha mviringo kinachoshikilia mguu wa tairi) kabla ya shokapu, kwa sababu hiyo ikichomoka tairi linalala. Ukibadilisha bushi au bolijointi, ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwenye alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi), la sivyo tairi mpya zitalika upande mmoja.